Misumari ya Kuchemsha

Fundi Makochi alikuwa na masanduku matatu ya vifaa: moja la bati, moja la mbao, na la tatu mdomo wake mwenyewe. Katika hili la tatu, upande wa kushoto, kati ya shavu na ulimi, iliingia misumari midogo arobaini kwa mkupuo mmoja. Alikuwa anausukuma mmoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, anaunasa kwa nyundo yake yenye sumaku, na pa! Umeshazama kwenye mbao. Kabla hujapepesa macho, wa pili huo. Miaka thelathini na moja alifanya hivyo bila kumeza hata mmoja, na kama hukuwahi kusikia habari hiyo, basi hukuwahi kukaa naye dakika tano.

Usidhani misumari ilimzuia kusema. Thubutu! Huku anapigilia kitambaa, huku anachambua mpira, bei ya mbao, ndoa za majirani na tabia za wakwe wa watu. Mteja alikuja kuuliza kochi lake litakuwa tayari lini, akaondoka anajua kila kitu duniani isipokuwa hilo.

Mkabala na karakana yake, ukivuka barabara tu, palikuwa na kliniki ya meno. Hatua kumi na tano. Alikuja kuzihesabu baadaye sana, maana mtu akipata nafasi ya kujuta huhesabu mpaka mawe ya njiani. Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye maneno machache, kasoro ambayo Fundi alishindwa kabisa kumsamehe.

"Daktari, daktari, daktari wa nini?" alikuwa anawauliza wateja. "Daktari ni yule anayekupima moyo. Huyu ni mng'oa meno. Ana koleo. Kwani mimi sina koleo?"

Na kweli alikuwa nalo, tena kubwa kuliko la daktari.

Kwenye ukuta wa kliniki palikuwa na maandishi ya rangi ya bluu: KIDONDA CHA MDOMONI KISICHOPONA WIKI MBILI, NJOO TUKIONE. KUANGALIA NI DAKIKA MOJA. Fundi aliyasoma kila asubuhi alipokuwa anafungua milango. Aliyasoma vizuri kabisa, akagundua kwamba herufi K ya kwanza imepinda, na kwa muda wa miaka saba hilo ndilo somo pekee alilolipata hapo.

Basi kidonda kikaja, tena bila kupiga hodi. Kilikaa ukingoni mwa ulimi, upande wa kushoto, nyuma kidogo. Kilianza kama doa jeupe, halafu katikati pakawa pekundu. Hakikuuma. Hilo ndilo jambo la kwanza Fundi alilomwambia mkewe, tena kwa fahari, kana kwamba ni yeye aliyekikataza.

"Hakiumi kabisa?" mkewe akauliza.

"Kabisa."

"Basi si kitu."

Mkutano ukafungwa. Hapo ndipo wazee wetu hawa wawili walipofika katika elimu ya tiba: kinachouma ni ugonjwa, kisichouma ni pambo.

Mwezi wa kwanza ukaisha, kidonda kipo. Wakaenda kwa muuza dawa wa pale kona, bwana mmoja aliyesomea udaktari kwenye maboksi ya dawa, upande wa nyuma. Yeye akasema ni upungufu wa vitamini, akatoa vidonge vyekundu. Mwezi wa pili akasema hapana, ni joto la tumbo, akatoa vidonge vyeupe. Kisha akabadili mawazo tena, akatoa dawa ya zambarau ya kupaka, na wiki nzima Fundi akahubiri siasa kwa meno ya rangi hiyo. Kitu kimoja ambacho bwana huyu hakuwahi kufanya ni kumwambia Fundi afungue mdomo vizuri. Alichungulia kwa mbali tu, juu ya kaunta, akatikisa kichwa, akageukia rafu.

Mwezi wa tatu mkewe Fundi akapata jibu. Huyu mama alikuwa msafi wa kupindukia, mtu wa kuosha hata sabuni kabla ya kuitumia. Siku hiyo anakunja nguo, ghafla akajipiga kifuani.

"Misumari!" akasema. "Baba watoto, misumari! Unajua imepita mikononi mwa nani kabla ya kuingia mdomoni mwako?"

Fundi hakujua. Nani anajua historia ya msumari? Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kwenye jiko la nyumba ile kulikuwa na sufuria mbili: moja ya chai na moja ya misumari. Misumari mia mbili, maji nusu sufuria, chumvi vijiko viwili, robo saa ichemke. Kisha mama anaimwaga kwenye chujio, anaianika juu ya kitambaa cheupe, anaitia kwenye kopo lenye kifuniko, anamkabidhi mumewe mlangoni. Wake wengine wanafunga chakula cha mchana.

Na tumbaku je? Ahaa, tumbaku. Kila msumari wa mwisho ulipotoka mdomoni, mahali palepale Fundi alipachika tonge la tumbaku ya kutafuna, likakaa hapo likilainika mpaka awamu nyingine ya misumari. Miaka thelathini na moja. Misumari ilikamatwa, ikashtakiwa, ikahukumiwa, ikachemshwa. Tumbaku haikuulizwa hata ilikuwa wapi siku ya tukio.

Mwezi wa tano muuguzi wa kliniki akavuka barabara kumwomba Fundi avishe upya benchi la wagonjwa, maana la zamani lilikuwa limepasuka. Fundi akalivisha ngozi ya plastiki ya rangi ya maziwa, akapanga vichwa vya misumari pembeni kwa mstari ulionyooka hata uzi ungeona haya. Hapo sifa yake apewe. Alipolirudisha akaligonga mara mbili kwa kiganja.

"Hili litadumu kuliko meno ya watakaolikalia," akasema.

Lilidumu wiki tatu. Asubuhi moja, mwalimu mmoja aliyevaa suruali nyeupe aliinuka kwenda kung'olewa jino, na watu wote waliobaki wakaona mstari wa madoa ya kahawia umemvuka makalioni toka kushoto mpaka kulia. Mwalimu wa watu alikuja na maumivu ya jino tu, akaondoka na ya aibu pia.

Daktari mwenyewe akavuka barabara. Alimkuta Fundi amepiga magoti mbele ya fremu ya kochi, shavu limejaa misumari.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Leo umekosa wa kumng'oa?"

"Fundi, benchi lako linatoa kutu."

"Benchi langu halitoi kutu. Labda wagonjwa wako."

Daktari akafungua kiganja. Palikuwa na misumari mitatu, vichwa vimeiva kutu.

"Nimeitoa asubuhi hii."

"Kung'oa unajua, sikatai," Fundi akasema.

Daktari hakucheka wala hakukasirika. "Benchi la zamani pia ulilivisha wewe. Limekaa miaka saba na misumari yake haikuwa hivi. Umebadili duka? Siku hizi unanunua ya bei rahisi?"

Hapo alimgusa penyewe. Mwambie Fundi ni mwongo, atacheka. Mwambie mbishi, atakushukuru. Lakini kumwambia ananunua misumari mibovu! Akasimama, magoti yakalia.

"Mimi? Misumari yangu ni safi kuliko hivyo vyombo unavyowatia watu mdomoni! Mke wangu anaichemsha kila siku ya Mungu. Kwa chumvi! Robo saa!"

"Anaichemsha kwa chumvi?"

"Ndiyo, kwa chumvi."

"Kwa nini?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni mila ya ufundi, na daktari asingejua. Lakini huyu bwana hakuwahi kuacha sentensi yake njiani tangu azaliwe.

"Kwa sababu ya hiki kidonda," akasema.

Daktari akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye ukingo wa kochi lisilo na sponji.

"Kidonda cha wapi?"

"Cha ulimi. Kidogo tu. Wala hakiumi."

"Tangu lini?"

Fundi alikuwa anapima miaka yake kwa makochi. "Tangu makochi ya hakimu," akajibu.

"Na makochi ya hakimu yalikuwa lini?"

Akahesabu kwa vidole. Alipofika kwenye kidole cha tano sauti ikapungua kidogo. "Miezi mitano. Mitano na siku zake."

"Fungua mdomo nikione."

"Hapa? Barabarani? Mimi punda wa mnadani nikaguliwe meno?"

"Basi twende kwangu. Ni hapo tu."

"Siendi."

"Fundi, ni dakika moja."

"Nimesema siendi!" Sasa utani ulikuwa umekwisha, hata misumari ilisikika ikigongana shavuni. "Unataka kujua kwa nini? Nilikuwa na kaka. Kaka yangu tumbo moja, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Jino lake la chini likalegea, akaenda kwa watu wa kazi yako, wakaling'oa. Mwezi haukuisha likalegea la pili, akarudi, wakang'oa. Baada ya hapo shingo ikavimba, akashindwa kumeza hata mate yake, na mwaka huohuo tukamzika. Mtu aliyekuwa anabeba kochi la watu watatu kichwani, peke yake! Koleo ndilo lililomuua. Mimi kwenye kiti chenu sikai."

Daktari akajisogeza ukingoni mwa kochi.

"Alikwenda ile hospitali ya zamani?" akauliza. "Yenye ngazi za nje?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Alikuwa mrefu. Mkono wa kushoto alikuwa na vidole vinne."

Fundi akaganda. Kidole cha tano kaka yake alikiacha kwenye msumeno, kabla hata huyu mwanamke hajamaliza shule.

"Nilikuwa na mwaka mmoja kazini," daktari akasema. Alikuwa anaangalia misumari iliyo kiganjani mwake, si uso wa Fundi. "Nje kulikuwa na watu sabini wanasubiri. Nilimng'oa mimi. La kwanza na la pili, yote mimi. Yalikuwa meno mazima, hayakuoza hata kidogo. Jino zima la mtu mzima halilegei hivihivi, Fundi. Lazima kuna kitu kinakula mfupa chini yake. Darasani nilifundishwa hivyo, na mtihani nilifaulu. Ningeinua ulimi wake ningekiona. Sikuinua. Alisema ng'oa, nikang'oa, akanishukuru akaenda zake. Baadaye nikalikuta jina lake wodi ya kansa."

Barabarani gari lilipita, likapiga honi, likaenda. Fundi akainama, akatema misumari yote kwenye kiganja, mmoja mmoja.

"Toka," akasema.

Daktari akainuka. Mlangoni akageuka. "Nichukie, una haki. Lakini njoo unichukie ukiwa kwenye kiti, mdomo wazi. Au nenda kwa daktari mwingine yeyote, sijali nani. Ila iwe wiki hii."

Jioni hiyo Fundi aliisimulia habari nyumbani kwa sauti ya kutosha majirani wa pande zote mbili. Alimwita daktari muuaji. Alimwita mchawi wa koti jeupe. Aliapa kwamba angemshtaki, angemwandika kwenye magazeti, angeivisha kliniki yote kwa kutu. Mkewe alisikiliza, akaondoa vyombo, hakusema lolote. Fundi akaona ameungwa mkono, akalala.

Asubuhi kwenye jiko kulikuwa na sufuria moja tu.

"Misumari yangu iko wapi?" akauliza.

"Sijachemsha."

"Kwa nini?"

Mkewe akakaa kwenye kigoda. "Baba watoto, mwanamke wa watu kavuka barabara mchana kweupe, kaja mpaka kazini kwako, kasema yeye ndiye aliyemkosea ndugu yako. Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemuuliza. Watu hawafanyi hivyo! Mimi nilivunja sahani ya marehemu mama yako miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo nasema ni paka."

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Paka masikini alichapwa bure. Sasa nisikilize." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Unadhani nachemsha vyuma kila asubuhi kwa sababu napenda supu yake? Naogopa. Miezi yote hii naogopa, na nilikuwa sina mwingine wa kupambana naye, nikapambana na misumari. Kaka yako nilimlisha mimi kwa kijiko mpaka kijiko kikawa hakipiti. Kazi hiyo sitaifanya mara ya pili. Nenda kafungue huo mdomo, maana kwa mambo yasiyo na maana hujawahi kuufunga."

Fundi akainuka. Akavaa viatu.

Lakini msimdhanie vibaya, hakwenda kupimwa. Mtu kama yeye! Alikwenda kumtukana daktari kikamilifu, maana jana kuna maneno yalimtoka nje ya mpangilio. Akavuka barabara, akapita foleni, akalipita benchi lake lililofunikwa shuka kwa aibu, akasukuma mlango.

"Nimekuja uangalie," akasema. "Ukishaona hakuna kitu, uniombe radhi. Mimi, na marehemu pia."

"Sawa," daktari akasema. "Kaa."

Akakaa. Daktari akavaa glavu. Cha ajabu, hakuanza na mdomo. Alimpapasa shingo, kulia na kushoto, chini ya taya, taratibu, kama mtu anayetafuta punje ndani ya mto wa kulalia. Akageuza mdomo wa juu, akageuza wa chini. Akatazama mashavu kwa kioo kidogo. Akatazama kaakaa. Akamwambia aseme aaa. Kisha akaushika ulimi kwa kipande cha bandeji, akauvuta pembeni polepole, akautazama ukingo wake, akaubonyeza kwa kidole. Akauinua, akatazama chini yake. Halafu akauachia.

"Umemaliza?" Fundi akauliza.

"Nimemaliza."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Fundi akatazama saa ya ukutani. Muuza dawa alitumia muda mrefu zaidi kutafuta mfuko wa kutia vidonge.

Daktari hakuomba radhi. "Sijui ni nini," akasema. "Kwa macho tu hakuna anayeweza kujua. Lakini sijakipenda. Ni kigumu, na kimekaa sana. Nakupiga sindano ya ganzi, nakata kipande kama punje ya mchele, kinakwenda maabara. Na hiyo iliyo shavuni ni nini?"

"Tumbaku."

"Inakaa hapo siku zote? Upande huo?"

"Tangu ujana."

"Misumari sina ushahidi nayo, Fundi. Tumbaku ninao, tena mwingi mno."

Fundi akalitoa lile tonge kwa vidole viwili, akabaki amelishika hewani, hajui aliweke wapi. Muuguzi akamsogezea ndoo.

Majibu yalichukua siku kumi. Siku hizo kumi karakana ilikuwa kimya mpaka wateja wakaulizana kama Fundi ameokoka. Misumari aliitia kwenye bakuli, akawa anainama kuchukua mmoja mmoja, na kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa. Usiku hakulala. Alikuwa anaupitisha ulimi kwenye meno, mbele na nyuma, akiukagua. Alikuwa anaupenda, ndiyo habari yenyewe. Ulimi ule ulimtongozea mke, ukamlelea watoto, ukamgombeza kila mtu mtaani. Aliogopa kufa, lakini kuishi bila ulimi aliona ni kufa kwa rejareja.

Siku ya kumi daktari akamwita yeye na mkewe, akafunga mlango.

"Ni kansa," akasema. Hakuizungusha. Mkewe Fundi akashika mkono wa kiti. "Ila ni changa. Shingoni sikukuta uvimbe. Wataondoa sehemu ya ukingo wa ulimi, watatoa na tezi za shingoni upande huo kuhakikisha. Utaongea. Si kama zamani, lakini utaongea. Tumbaku, basi. Hiyo hatujadiliani."

"Na tungengoja?" mke akauliza.

"Mngengoja miezi mitano mingine, tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa."

Daktari akainua simu mbele yao, akaipigia hospitali kubwa. Akaambiwa nafasi hakuna. Akasema atasubiri kwenye simu. Akaambiwa apige kesho. Akasema anasubiri. Yule mwanamke wa maneno machache akakaa na simu sikioni mpaka upande wa pili wakachoka wao, na tarehe ikapatikana. Barua akaiandika kwa mkono wake, akaisoma mara mbili, akaifunga.

Wakamkata. Wiki tatu Fundi alikunywa uji mwepesi kwa mrija, na hakusema neno. Mkewe aliwaambia majirani kwamba hajawahi kupata likizo kama hiyo tangu aolewe, kisha akaingia jikoni akafunga mlango akalia. Ulimi ulipoamka, maneno yalitoka mazito, yakikokota mguu, na watu walilazimika kumsogelea ili wamsikie. Mtaani kila mmoja akagundua kwamba alijua tangu mwanzo. Muuza dawa ndiye aliyejua kuliko wote: aliwaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyemshauri Fundi mapema aende akaangaliwe. Fundi alipolisikia hilo alitaka kujibu, akapima urefu wa sentensi, akaiacha.

Kila mwezi alirudi kliniki kukaguliwa. Mwezi wa kwanza na wa pili hawakuzungumza ila ya kazi: fungua, funga, sema aaa. Mwezi wa tatu, daktari alikuwa amemaliza upande wa kushoto, ameshika kioo, wakati Fundi alipomshika mkono akauondoa mdomoni.

"Pamepona vizuri," daktari akasema. "Unasikia maumivu?"

Fundi akatikisa kichwa. Swali lenyewe alikuwa amelibeba muda wote huu. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha nyumbani, neno kwa neno, ili ulimi usije ukamwangusha.

"Kaka," akasema taratibu. "Siku ile ya jino la kwanza. Ungeuinua ulimi. Angekuwa hai?"

Muuguzi aliyekuwa anapanga vyombo akaacha. Daktari alikuwa na majibu mengi mazuri ya kuchagua. Angeweza kusema Mungu ndiye ajuaye. Angeweza kusema siku zake zilikuwa zimefika, na hakuna ambaye angembishia.

"Kwake ilikuwa imekwenda mbali kuliko kwako," akasema. "Ilishafika kwenye mfupa. Wangemkata na taya, angeteseka sana. Lakini nafasi alikuwa nayo, Fundi. Siku ile alikuwa bado anayo. Aliileta mpaka kwenye kiti changu, na mimi nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, nikaita anayefuata."

Fundi alikuwa amejiandaa. Kulikuwa na maneno aliyoyaweka akiba kwa ajili ya jibu hilohilo, makali, ya kumtosha mwanamke huyu maisha yake yote. Akayatafuta. Yalipokuja, hayakuja maneno. Alilia, mtu mzima yule, ndevu zenye mvi, kifua kikipanda na kushuka chini ya kitambaa cha plastiki walichomfunga shingoni. Daktari hakumbembeleza. Alisimama palepale na kioo chake, naye machozi yanamchuruzika mpaka ndani ya barakoa, hana mkono msafi wa kuyafuta.

Baada ya muda Fundi akavuta pumzi.

"Nje wako wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wote utawainua ulimi?"

"Wote."

"Hata aliyekuja kusafishwa meno tu?"

"Hata huyo."

Fundi akajifuta uso kwa kile kitambaa cha shingoni, akalala tena kitini, akajiweka sawa.

"Haya, bado upande wa kulia," akasema, akafungua mdomo.